Kufuatilia Usomaji au Kuweka Kumbukumbu za Usomaji?

Siku hizi msomaji anaweza kuorodhesha vitabu vyake katika tovuti au programu ya simu, na wafasiri aghalabu huiita kazi hiyo “kufuatilia usomaji”. Istilahi hii imeenea, lakini yafaa ipimwe kabla haijaota mizizi.

Katika Kiswahili, afuatiliaye huwa yuko nje ya jambo: mwalimu hufuatilia maendeleo ya mwanafunzi, na ofisi hufuatilia deni. Msomaji aandikaye alichosoma hafuatilii, anaweka kumbukumbu. Tofauti hii si ya mapambo. Goodreads, iliyofunguliwa mwaka 2007, ilinunuliwa mwaka 2013 na Amazon, kampuni iuzayo vitabu. Humo msomaji anaweka kumbukumbu, na mwuza vitabu anaweza kumfuatilia. Tukiyaita matendo yote mawili kwa neno moja, tunamficha msomaji jambo alilostahili kulijua kabla hajachagua.

Kasoro ya pili imo katika majina ya rafu. Goodreads iliwapa wasomaji rafu tatu, na jina la rafu ya kwanza kwa Kiingereza huandikwa sawasawa, liwe ni amri au ni tendo lililopita. Mfasiri apewaye orodha ya maneno matupu, bila kuiona rafu yenyewe, ataandika “Soma”, na msomaji atadhani anaamrishwa. Hata “Vilivyosomwa” hakutoshi, maana kitabu huweza kusomwa nusu. Sisi twapendekeza “Vilivyomalizwa”, “Vinavyosomwa” na “Vya Kusomwa”. StoryGraph, iliyoanzishwa na Nadia Odunayo mwaka 2019, inakubali pia kitabu kilichoachwa njiani. Hicho nacho kiitwe “Vilivyoachwa”. Kwa mwalimu, habari ya kitabu kilichowashinda wanafunzi ina thamani sawa na ya kile walichokimaliza.

Tatu, “kitabu” chenyewe. Mashine hizi hukitambua kitabu kwa wepesi zaidi kikiwa na namba ya ISBN, na utaratibu huo ulipata kuwa wa kimataifa mwaka 1970. Toleo la kwanza la Kusadikika cha Shaaban Robert, la mwaka 1951, halikuwa na namba hiyo. Mwenye maktaba ya vitabu vya Kiswahili vya zamani hana budi kutazama kwanza kama chombo kinamruhusu kuandika mwenyewe jina la kitabu, mwandishi, mchapaji na mwaka. Kwa kazi hiyo LibraryThing, iliyoanza mwaka 2005, inafaa zaidi, kwani imejengwa kwa mfano wa katalogi ya maktaba na huchukua taarifa kutoka maktaba nyingi.

Vyombo vyote vitatu humruhusu mtumiaji kuitoa orodha yake na kuihifadhi kwingine. Kila mtumiaji na afanye hivyo mara kwa mara, maana kumbukumbu isiyoweza kuondoka na mwenyewe si yake.

Basi pendekezo letu ni hili: “kuweka kumbukumbu za usomaji” liwe tendo la msomaji, na “kufuatilia” libaki kwa yule amtazamaye. Istilahi ikitenganisha watendaji hao wawili, msomaji atachagua chombo akijua ni nani ashikaye daftari lake.