Karate na Ugomvi wa Kilabuni

Kitabu cha Rory Miller kiitwacho Meditations on Violence kilitoka Marekani mwaka 2008. Kilinifikia hapa Msimbu mkononi mwa mpwa wangu aliyetoka nacho Dar es Salaam, nami nimekisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu. Mwandishi huyo alikuwa askari wa jela kwa miaka mingi, na wakati huohuo mwanafunzi wa jujutsu ya kale ya Kijapani. Anaujua mkeka wa mazoezi, na anaujua ujia wa jela ambamo mtu hurukiwa akiwa na funguo mkononi. Swali analouliza ni moja, nalo lingefaa kuulizwa na kila mzazi anayelipa ada ya karate: haya yanayofundishwa mkekani yanahusiana vipi na kupigwa kwa kweli?

Jibu lake si la kufurahisha. Anasema shambulio la kweli huja kwa kasi kuliko ulivyozoea, kwa karibu zaidi, kwa nguvu zaidi, na bila hodi. Anasema pia kwamba kila zoezi lina kasoro iliyowekwa humo makusudi, kwa sababu mwenzako unayefanya naye hatakiwi kurudi nyumbani akiwa amevunjika. Ngumi inasimama kabla ya kufika. Ukiiondoa kasoro hiyo, baada ya juma moja hutakuwa na mwanafunzi hata mmoja. Hili ndilo wazo bora katika kitabu chote, na sijaona aliyelisema kwa uwazi kumzidi.

Lakini si wazo geni kwa Wajapani wenyewe. Jigoro Kano alipoanzisha judo mwaka 1882 alilikabili tatizo hilihili, akalikata kwa namna yake. Mbinu za hatari aliziacha zifanywe kwa mpangilio tu, na katika kushindana akabakiza zile ambazo mtu anaweza kuzifanya kwa nguvu zake zote bila kumwua mwenzake. Anko Itosu naye alipoiingiza karate katika shule za Okinawa mwanzoni mwa karne ya 20, aliwalenga watoto na afya zao. Hivyo basi, kijana anayehesabu ichi, ni, san akipiga hewa kwa safu anafanya kitu kilichokwisha kupita mikononi mwa walimu wa shule. Sisemi hivyo kwa dharau. Mazoezi ya viungo ni jambo jema, ila yaitwe kwa jina lake.

Kwetu karate ilikuja na heshima kubwa, na kwa milango miwili. Mmoja ulikuwa Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, aliyefundisha mtindo wa Goju-ryu pale Shule ya Zanaki, Dar es Salaam, katika miaka ya 1970. Wanafunzi waliopita kwenye dojo ile walitawanyika wakawa walimu, na wengine wakafika mbali. Mlango wa pili ulikuwa sinema. Bruce Lee alifariki Julai 1973, lakini katika vibanda vya video aliendelea kuishi kwa miaka mingi, akipiga watu kumi ambao kila mmoja alingoja zamu yake kwa adabu. Nadhani ni mlango huu wa pili uliotupotosha. Mwalimu alidai miaka ya jasho, sinema ilidai nauli na kiingilio tu.

Sasa niseme nililoliona kwa macho yangu, kwa kuwa kitabu kile kilinirudisha huko. Miaka kadhaa iliyopita alikuja hapa kijana kutoka mjini, mwenye mkanda wa kahawia, mtu wa adabu na asiyekunywa sana. Jioni moja kilabuni ulizuka ubishi juu ya deni la magunia mawili ya mkaa. Mwenzake alikuwa mgema. Kwanza yalikuja maneno, kisha macho, kisha ile "utanifanya nini?" ambayo kila mmoja wetu anaijua, kisha kusukumana kifuani. Miller anakiita kipindi hiki ngoma ya nyani, maana hatua zake zinajulikana na watazamaji ni lazima wawepo. Kijana wetu akarudi nyuma hatua mbili, akatanua miguu, akakunja ngumi kama alivyofundishwa. Mgema hakukunja kitu. Alikuwa ameshika kata ya kuchotea pombe, akammwagia ile pombe machoni, na kabla yule kijana hajapangusa uso binamu wawili wa mgema walikuwa wamekwisha kumkumbatia kwa nyuma. (Kata ya Kijapani ni mfululizo wa mapigo yaliyopangwa. Ya kwetu ni ya kuchotea. Siku ile zilikutana.) Kijana alipoteza jino moja. Kotama ya mgema ilikuwa kiunoni muda wote ule, na namshukuru Mungu kwamba hakuikumbuka.

Hapa Miller angesema: unaona? Ukaribu, ghafla, zaidi ya mtu mmoja, na kitu mkononi. Ni kweli tupu. Hata lile shindano lililofanyika Denver mwezi Novemba 1993, ambalo Royce Gracie aliwashinda watu waliomzidi uzito kwa kuwaangusha na kuwakaba, lilikuwa na mtu mmoja kwa mmoja, mwamuzi, na mikono mitupu. Nalo lilisifiwa kwamba ndiyo kweli yenyewe! Aliyelala chini na kumkaba mgema shingo angewaacha binamu wawili wamesimama juu ya kichwa chake.

Lakini kuna jambo ambalo Miller halioni, na hapo ndipo ninapoachana naye. Ugomvi ule haukumalizwa na nguvu ya yeyote. Ulimalizwa na mama mwenye kilabu, mtu wa makamo, ambaye aliingia katikati yao na mwiko mkononi, akataja jina la mama wa mgema, akataja msiba uliokuwa umewakutanisha wote wiki iliyopita, kisha akadai pombe iliyomwagika ilipwe. Mgema alilipa. Katika jela ya Miller hakuna mama wa namna hiyo, wala hakuna shemeji, wala mtani. Watu wake wanakutana wakiwa wageni na wanaachana wakiwa wageni. Hapa Uzaramoni Mnyamwezi anaweza kunitolea tusi ambalo kwa mtu mwingine lingekuwa chanzo cha damu, nami nikacheka na kumdai sigara, kwa kuwa ni mtani wangu tangu enzi za misafara. Kinga hiyo haimo katika kitabu chake, na si kosa lake, maana haimo katika maisha aliyoyaandika. Ila msomaji wa huku akikimeza kizima atadhani kila jirani ni mfungwa aliyefunguliwa.

Wazee wa pwani walikuwa na njia yao ya kuipa ngumi mahali pake. Huko Makunduchi, Unguja, kwenye Mwaka Kogwa unaofanyika kila Julai, wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba ili kinyongo cha mwaka kiishe. Kule Lamu kuna kirumbizi, watu wawili na fimbo zao, zumari ikilia. Hakuna anayetoka kwenye kirumbizi akidhani amejifunza kumkabili mnyang'anyi. Wanakiita ngoma, nayo ni ngoma. Karate ingetusumbua kidogo sana kama nayo ingekubali sehemu yake kubwa iitwe hivyo.

Kuhusu sheria, Miller anaandika ya kwao, nasi tuna yetu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18, inampa mtu haki ya kujitetea mwenyewe, kumtetea mwingine na kulinda mali, mradi nguvu anayotumia isizidi ile inayohitajika. Sijawahi kumsikia mwalimu wa mkanda wowote akiwasomea wanafunzi wake kifungu hicho. Na lipo lile la kundi, pale mtu anapoitiwa "mwizi!" barabarani. Mbele ya hilo hakuna mtindo wa kupigana. Kuna miguu, na kuna mtu mmoja mwenye heshima atakayethubutu kusema hapana.

Nimeyapima haya yote kwa sababu mwaka jana wazazi wa hapa tuliombwa kuchangia darasa la karate kwa ajili ya wasichana wanaotembea kwenda sekondari. Njia yao inapita kwenye mikorosho, na asubuhi wanatoka kukiwa bado giza. Mmoja wao ni mjukuu wangu. Hatari ninayoihofia kwake si mgeni anayeruka kutoka kichakani tu. Mara nyingi ni mtu anayemjua, anayemsalimu vizuri, mwenye pikipiki. Kata ngapi za Goju-ryu zinafundisha kumkatalia mtu anayekuita mchumba mbele ya duka la baba yako?

Jibu lililonituliza lilitoka Nairobi. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti kuhusu wasichana wa vitongoji duni vya huko waliofundishwa kujilinda kwa vipindi sita vya saa mbilimbili. Kabla ya mafunzo, karibu wasichana 25 katika kila 100 walikuwa wamelazimishwa ndani ya mwaka mmoja. Baadaye ikashuka hadi 9 hivi, na kwa wale ambao hawakufundishwa haikushuka kwa kiasi cha kutajwa. Ulikuwa utafiti mdogo, na inafaa kulikumbuka hilo. Lakini tazama saa zenyewe: kumi na mbili, wakati mkanda mweusi huchukua miaka. Sehemu kubwa ya mafunzo ilikuwa ya kinywa: kutambua hila mapema, kusema hapana kwa sauti ya kusikika, kupiga kelele, kisha ndipo teke na kiwiko, kisha kukimbia.

Kwenye kikao nilisema nitachanga, ila mwalimu aanze na kelele. Baadhi ya wazee walinung'unika kwamba msichana wa Kizaramo hafundishwi kupayuka. Nikawauliza unyagoni anafundishwa kunyamaza mbele ya nani. Hawakunijibu, lakini walichanga.

Siku ya kwanza wasichana walicheka tu wakifunika midomo kwa kanga. Ya pili mjukuu wangu alitoa sauti moja ambayo sikujua kuwa anayo. Jirani yetu aliyekuwa akipalilia mihogo upande wa pili wa njia alikuja mbio na jembe begani, akiuliza nani ameumizwa.