Mhubiri Aliyebaki Peke Yake: Picha Sita za Georgia O'Keeffe

Mwaka 1930, akiwa Lake George katika jimbo la New York, mchoraji wa Kimarekani Georgia O'Keeffe (1887–1986) alilichora ua moja mara sita kwa rangi za mafuta. Picha zote aliziita Jack-in-the-Pulpit, jina la mmea wenyewe. Ni mmea wa msituni, wa ukoo mmoja na majimbi yalimwayo Unguja na Pemba. Jani lililojikunja mfano wa kikombe huinamisha ncha yake kama paa la mimbari, na ndani yake husimama kijiti, ndiye mhubiri atajwaye katika jina hilo la Kiingereza.

O'Keeffe alisimulia kuwa alipokuwa sekondari huko Madison, mwalimu wake wa sanaa aliuinua mmea huo mbele ya darasa, akaonyesha maumbo yake ya ajabu na rangi zake zinazobadilika. Hapo alijifunza kutazama. Baadaye Arthur Wesley Dow, aliyemfundisha New York mnamo 1914 na 1915, na ambaye aliienzi mno sanaa ya Kijapani, alimpa funzo la pili: kazi ya mchoraji ni kuijaza nafasi kwa uzuri, wala si kunakili. Picha hizi ni ndoa ya mafunzo hayo mawili, na ndoa hiyo haikosi ugomvi.

Katika ya pili na ya tatu, jicho ndilo lishindalo: mistari ya zambarau na kijani ingali ya mmea unaotambulika. Katika ya nne, yenye kimo cha sentimita 102 na upana wa 76, kiza cha ndani ya kikombe kimetanda. Ya sita imebanwa, sentimita 91 kwa 46; jani limekwenda, mistari imekwenda, kimesalia kijiti cheusi kilichozungukwa na mwanga mweupe.

Wahakiki wengi wa zama zake waliona katika maua yake siri za mwili wa binadamu. Yeye alikana. Kukana kwa msanii si hoja, maana wasanii hukana mengi yaliyo kweli. Lakini mmea wenyewe wamtetea. Ukiwa mdogo aghalabu huwa dume. Ukishajiwekea chakula cha kutosha huwa jike, na ukidhoofika huweza kurudi udume. Atakaye kuusomea jinsia moja na asome haraka!

Udhaifu wa mfululizo huu uko kwingine. Maua ya kweli ya mmea huu ni madogo mno, nayo yamejificha chini kabisa ya kijiti. Sehemu ya juu, ambayo ndiyo O'Keeffe aliyoibakiza, haizai kitu. Basi picha ya sita, isifiwayo kuwa kiini cha ua, haina ua ndani yake. Ile ya nne ndiyo bora: kiza chake kina kina, na mtazamaji huhisi kwamba huko chini, jicho lisikofika, kuna kitu kinachoendelea kuishi. Zote mbili zimo National Gallery of Art, Washington, tangu 1987, kwa wasia wa mchoraji mwenyewe.