Kuzaa si Kazi: Ufundi wa Wafugaji wa Webuye

Siku za mwisho za mimba ya ng'ombe ndizo zinazompambanua mfugaji na mtu aliye na ng'ombe tu. Mwenye ng'ombe huwaza maziwa. Mfugaji hutazama shina la mkia. Anajua kwamba kano zinazoshika mahali hapo hulegea kuzaa kukikaribia, na pande zote mbili za mkia hubonyea hata ukayaona mashimo yake ukiwa mlangoni mwa zizi. Kiwele hujaa mpaka ngozi ikang'aa. Ute mzito huning'inia. Siku yenyewe ikifika, ng'ombe hujitenga na wenzake, hulala akainuka, huinuka akalala, na nyasi ya nepia aliyowekewa horini huiacha inyauke. Asiyezoea atasema huyu anaumwa. Mama wa boma katika vilima vya Webuye, kaunti ya Bungoma, hasemi hivyo. Huagiza majani makavu yatandazwe, maji yachemshwe, na mtu mmoja asilale.

Ufundi huu unastahili sifa kuliko unavyopewa. Seremala tunamwita fundi, mshonaji tunamwita fundi, lakini anayempokea ndama usiku wa manane na kumlea hadi naye akamuliwe, huyo tunasema yuko nyumbani tu, hana kazi. Mashamba yenyewe ni madogo. Kuanzia Matulo hadi Lugulu, juu ya bonde la mto Nzoia, utakuta ekari moja au mbili zenye mahindi na maharagwe, ukanda wa nepia mpakani, na banda la ng'ombe wawili au watatu. Hakuna kibao getini wala bwana shamba wa kuajiriwa. Kuna familia, na kila mtu wa familia ana zamu yake.

Ujuzi wao una asili mbili. Ya kwanza ni ya kale. Kwa Wabukusu, wenyeji wa eneo hili, ng'ombe ni mali, ni mahari, ni undugu. Mpaka leo, ifikapo Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, msimu wa tohara, kijana huenda kwa mjomba wake, na mjomba humchinjia. Waingereza na washirika wao walipoishambulia ngome ya Chetambe mwaka 1895, juu ya mlima huohuo unaoutazama mji wa Webuye, kupotea kwa mifugo kulikuwa sehemu ya msiba wenyewe. Watu walioishi hivyo na ng'ombe walijua kumsoma mnyama kabla hajapiga kelele.

Asili ya pili ni ng'ombe wa gredi. Walowezi wa Trans Nzoia, kule Kitale, walileta Friesian na Ayrshire kwenye mashamba yao makubwa, na kwa miaka mingi Mwafrika aliwakamua akiwa kibarua. Mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliwapanulia njia wakulima wadogo wafuge ng'ombe hao wenyewe. Kituo cha Kabete, kilichoanzishwa mwaka 1946, kikazalisha mbegu za madume bora, na hivyo mtu asiye na dume akaweza kupata ndama wa damu nzuri. Lakini ng'ombe wa gredi si wa kienyeji. Huchoka upesi, huugua upesi, na kosa dogo kwake ni hasara kubwa. Ilibidi jicho la mababu likutane na elimu ya daktari wa mifugo, na pale vilipokutana ndipo ulipozaliwa ufundi ninaousifu.

Ufundi huo huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Ng'ombe hutaka dume kila baada ya siku 21 hivi, na dalili huonekana kwa saa chache tu: hupanda wenzake, husimama akipandwa, hulia, maziwa hupungua. Aliyeonekana asubuhi hupandishwa jioni, aliyeonekana jioni hupandishwa kesho yake asubuhi. Asiyetazama hupoteza wiki tatu za chakula bila faida. Mimba ikishika, hesabu ni siku 283, chache zaidi au chache pungufu, na tarehe huandikwa kwa chaki ukutani au kwenye kalenda ya duka. Ikibaki miezi miwili, ng'ombe hukaushwa, hakamuliwi tena hata kama angali na maziwa. Hapo ndipo moyo wa mfugaji hupimwa. Kuacha lita za kila siku wakati karo ya shule inangoja si jambo jepesi, lakini siku hizo 60 ndizo kiwele kinapopumzika na kujitengeneza upya. Anayezila leo atazikosa mwaka mzima.

Usiku mmoja wa mvua za masika nilikaa zizini Matulo pamoja na bibi ambaye wajukuu wake humwita kukhu. Mjukuu wake wa darasa la saba ndiye aliyeshika taa ya sola.

"Kukhu, miguu imetoka!"

"Kwato zimeangalia wapi?"

"Chini."

"Na pua?"

Mvulana akainama, akasogeza taa. "Naiona. Iko juu ya magoti."

"Basi keti."

Maswali mawili tu, na kila kitu kimo ndani yake. Ndama anayekuja vizuri hutanguliza miguu miwili ya mbele, kichwa kimelazwa juu yake, kama mpiga mbizi anayeruka mtoni. Kwato zikiangalia juu, aghalabu hiyo ni miguu ya nyuma. Ukiuona mguu mmoja peke yake, au miguu miwili bila pua, ujue mguu wa pili au kichwa kimejipinda ndani, na daktari apigiwe simu mara moja. Kukhu alikuwa tayari amenawa mikono hadi viwiko, amekata kucha, kamba safi iko ndani ya beseni. Hakuigusa. Kuketi ndiko kugumu. Watu wengi huwaua ndama kwa huruma, kwa kuwavuta kabla njia haijafunguka. Ikibidi kuvuta, alimwambia mjukuu, unavuta ng'ombe anaposukuma, unaacha anapopumzika, na unavuta kuelekea chini kufuata mgongo wa ndama unavyojikunja.

Haikubidi. Ndama aliteremka mwenyewe juu ya majani makavu, na hapo bibi aliyekuwa ametulia saa nzima akawa na haraka. Alimpangusa pua na mdomo kwa kitambaa, akachukua unyasi mkavu akamtekenya puani. Ndama akapiga chafya. Chafya hiyo ndiyo pumzi ya kwanza. Kisha akamsogeza mbele ya mama yake amlambe, kwa sababu ulimi wa ng'ombe hukausha na kuchangamsha damu kuliko tambara lolote. Kitovu kikachovywa ndani ya kikombe cha ayodini chote, si kupakwa juujuu, maana uchafu wa zizi hupanda kupitia hapo hadi kwenye viungo. Mwisho ndipo alipoinua mkia. Mtamba! Mvulana akampa jina papo hapo: Nafula, kwa kuwa mvua ilikuwa bado inanyesha.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kwa ng'ombe methali hiyo ni kweli kisayansi. Mtoto wa binadamu hupokea sehemu ya kinga ya mama yake akiwa tumboni. Ndama hapokei. Kondo la ng'ombe haliipitishi, hivyo ndama huingia duniani mtupu, hana silaha dhidi ya ugonjwa wowote. Kinga yake yote imo katika dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku ya kwanza, na utumbo wake huipokea ikiwa nzima kwa muda mfupi tu. Kila saa inayopita mlango unazidi kufungwa, na baada ya siku moja umefungwa. Ndiyo maana fundi hangoji kupambazuke. Ndama wa kilo 40 anahitaji kama lita 4, na anazihitaji ndani ya saa sita za mwanzo. Wako wanaoyamwaga wakidhani ni maziwa machafu. Wanamwaga uhai wa ndama.

Baada ya hapo ndama hufundishwa ndoo, na mkono wa mtu haufichiki hapo. Kwa maumbile ndama hunyonya akiwa ameinua shingo. Ndoo inamtaka ainame. Kukhu huchovya vidole viwili ndani ya maziwa, humpa avinyonye, kisha hushusha mkono polepole mpaka midomo iguse maziwa, pua ikibaki juu ipumue. Ndama akivuta kidole huvuta na maziwa. Baada ya mara kadhaa kidole huondolewa kimyakimya, na ndama huendelea kunywa bila kujua ameachwa. Kuna sababu ya upole huo. Ng'ombe ana matumbo manne, na maziwa yanatakiwa yafike tumbo la nne moja kwa moja. Kunyonya hufunga mfereji unaoyapitisha huko. Ndama anayelazimishwa, anayesukumwa kichwa ndooni akapaliwa, maziwa yake huweza kumwagikia tumbo la kwanza, yakachacha humo, akaharisha. Ndiyo maana pia maziwa huwa na joto la mwili, saa za kunywesha hazibadiliki, na ndoo husuguliwa kila mara. Banda la ndama lina sakafu ya mbao iliyoinuliwa, yenye mianya ya kupitisha mkojo, kwa kuwa unyevu na baridi humletea nimonia.

Kuanzia wiki ya pili huwekewa chakula kidogo cha ndama, nyasi laini na maji safi. Hali sana, lakini kile anachotafuna kinalikuza tumbo la kwanza, na bila tumbo hilo hatakuwa ng'ombe wa maziwa. Kufikia miezi mitatu anaweza kuachishwa.

Na katika yote hayo kuna kitendo kimoja ambacho mgeni angekidhania ni mapenzi tu. Kila asubuhi ndama akinywa, kukhu humpapasa chini ya sikio. Anatafuta uvimbe. Kupe wa kahawia wa masikioni huleta ndigana kali, ugonjwa ulioangamiza ndama wengi Afrika Mashariki, na tezi iliyo chini ya sikio huvimba mapema, kabla ndama hajaanza kukohoa na kuhema. Chanjo yake iliundwa Muguga, karibu na Nairobi, kwa njia ya kushangaza: mnyama huchomwa vimelea hai pamoja na dawa ya kuvizuia, mwili ukajifunza bila kuangamia. Wasioipata chanjo hiyo hutegemea kunyunyizia dawa ya kupe kila wiki, na hutegemea vidole vya anayepapasa.

Mfugaji mzuri ni mkulima mzuri pia. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Bungoma ilivamiwa na ugonjwa wa kudumaza nepia: majani yakawa ya manjano na madogo, shina likajikunyata, na shamba lililolisha ng'ombe watatu likashindwa kulisha mmoja. Walioendelea ni wale waliong'oa mashina yaliyougua bila kusita, wakachagua miche kwa jicho kali. Wengine waliifuata njia ya sukuma-vuta ya watafiti wa wadudu wa ICIPE, iliyojaribiwa hukohuko Trans Nzoia: desmodiamu kati ya mahindi ili kuwafukuza viwavi wa mabua na kulizuia gugu la striga, nepia pembezoni ili kuwanasa viwavi hao, na mimea yote miwili ikawa lishe ya zizini. Samadi nayo hurudi shambani. Hakuna kinachotupwa.

Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kiliposimama mwaka 2009, Webuye ilionja uchungu wa mji unaotegemea mshahara mmoja. Ng'ombe hakuweza kuwa badala ya kiwanda, na sitadai hivyo. Lakini maziwa ya asubuhi hayangoji mwekezaji. Mtamba aliyelelewa vizuri huzaa akiwa na miaka miwili na nusu hivi, na kuanzia siku hiyo kuna kitu cha kupeleka sokoni kila alfajiri, kidogo lakini cha hakika.

Huduma za mifugo zimekuwa mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013. Ombi langu kwa wanaozisimamia, Bungoma na Trans Nzoia, ni dogo. Wanapoandaa mafunzo ya wafugaji, wasiwaalike akina kukhu wakae nyuma wasikilize. Wawaweke mbele wafundishe, daktari awe kando yao. Ujuzi wa vidole haukai kwenye kijitabu. Hupitishwa kwa mjukuu aliyeshika taa, na vijana wakiondoka wote kwenda mjini utakatika.

Nawe msomaji unayefikiria kuanza kufuga, ukienda kununua mtamba usianze kwa kuuliza mama yake alitoa lita ngapi. Uliza alikunywa dang'a saa ngapi baada ya kuzaliwa, kitovu kilitibiwa kwa dawa gani, na nani alimfundisha ndoo. Mwenye mali akijibu yote matatu bila kusita, mlipe bei anayoitaka.