Uso Nyuma ya Kofia ya Chuma: Jinsi Picha za Halo Zilivyowachora Watu wa Mombasa

Vijana wengi wa Kilosa na Mikumi walijifunza gemu kwenye mabanda yenye PlayStation, na Halo ilikuwa gemu ya Xbox. Ndiyo maana wengi hawajawahi kusikia kwamba moja ya hadithi kubwa za vita katika historia ya gemu imepiganwa Afrika Mashariki. Katika Halo 2 ya mwaka 2004, majeshi ya Covenant, viumbe kutoka sayari nyingine, yanaishambulia Mombasa ya mwaka 2552. Katika Halo 3 ya mwaka 2007 mapigano yanahamia barabara ya Tsavo na mji wa Voi. Kisha ikaja Halo 3: ODST, iliyotoka tarehe 22 Septemba 2009, ambayo sehemu yake kubwa ni usiku mmoja katika mitaa ya jiji hilohilo, ambalo kwenye gemu linaitwa New Mombasa. Kizingo imo, na Kikowani imo, majina ambayo mtu yeyote wa Mombasa ya leo anayafahamu.

Gemu kubwa namna hii hufuatwa na katuni. Kazi ya katuni hizo kwa kawaida ni kumpa msomaji kile ambacho mchezaji hakukipata kwa sababu mikono yake ilikuwa imeshika silaha. Nimezipitia nikiwa na swali moja: wahusika wa gemu wakishahamia kwenye picha iliyotulia, nani anapata uso, na nani anabaki bila uso?

Tuanze na ugumu wenyewe. Wahusika wakuu wa ODST ni askari wanaodondoshwa vitani kutoka angani, kila mmoja ndani ya kasha lake. Wanavaa kofia za chuma zinazofunika uso wote. Yule unayemchezesha, Rookie, hasemi hata neno moja tangu mwanzo hadi mwisho. Waandishi wa Bungie, kampuni iliyotengeneza gemu, wakiongozwa na Joseph Staten, walipata njia nzuri ya kukwepa ugumu huo: walimchora mtu kwa kitu chake. Rookie anazinduka saa kadhaa baada ya kutua, wenzake hawaonekani, na anaanza kuokota vilivyobaki. Anaikuta kofia ya Dare, mmoja wa wenzake, imenasa kwenye skrini. Anaikuta bunduki ya shabaha ya Romeo, mwenzake mwingine, ikiwa imepinda. Anakuta kiwashio cha mabomu, halafu kopo la dawa ya kuziba jeraha. Kila akigusa kitu, gemu inarudi nyuma na kukuonyesha mmoja wa wenzake saa chache zilizopita. Bunduki iliyopinda inakuambia kuhusu Romeo mambo ambayo hotuba ndefu isingeyafikisha: mtu aliyejivunia shabaha amenyang'anywa kile anachojivunia.

Njia hiyo inafanya kazi kwenye gemu kwa sababu ni wewe unayetembea na kuokota. Kwenye ukurasa haisaidii sana. Msomaji wa katuni haokoti kitu, anatazama tu, na kofia nne za chuma zilizochorwa kwenye kisanduku kimoja ni kofia nne.

Kampuni ya Marvel ililijua hilo. Mwaka 2009, miezi michache kabla gemu haijatoka, ilianza kutoa Halo: Helljumper, katuni ya matoleo matano iliyoandikwa na Peter David na kuchorwa na Eric Nguyen. Ilichagua wawili tu kati ya kundi lile: Dutch na Romeo, ambaye jina lake halisi ni Kojo Agu. Uchaguzi huo ni wa fundi. Watu wawili wanaopishana kwa tabia hujichora wenyewe wakianza kuzungumza. Dutch ni mtu wa sala, Romeo ni mtu wa majigambo, na urafiki wao ndio uti wa mgongo wa hadithi. Peter David aliandika Hulk kwa zaidi ya miaka kumi, na mazungumzo ndiyo yaliyokuwa silaha yake. Anawaondolea wahusika chuma kwa maneno, hata pale mchoraji anapowaacha ndani ya chuma.

Lakini katuni hiyo imewekwa kwenye koloni la sayari iitwayo Ariel. Kabla yake, Marvel ilikuwa imetoa Halo: Uprising, ya Brian Michael Bendis na mchoraji Alex Maleev, matoleo manne yaliyochelewachelewa kati ya 2007 na 2009. Hii ilikusudiwa kuziba pengo kati ya Halo 2, inayotupeleka Mombasa, na Halo 3, inayotupeleka Voi. Sasa tazama: mji waliouchora ili kuwaonyesha raia wa kawaida chini ya mashambulizi ni Cleveland, Ohio. Mfanyakazi wa hoteli na mwanamuziki ndio raia wetu humo, na wamechorwa kwa uangalifu. Linaloniuma ni kwamba gemu mbili zilizounganishwa zimesimama kwenye ardhi yetu, na daraja kati yake likajengwa Marekani.

Mtu wa Mikumi anaelewa nini kilichokosekana. Barabara ya TANZAM inaikata hifadhi ya Mikumi kama barabara ya Nairobi na Mombasa inavyoikata Tsavo. Ina tabia yake: matuta, mabango ya faini kwa anayegonga mnyama, madereva wa malori wanaojua mahali twiga hupenda kuvuka, abiria wanaobandika nyuso dirishani ng'ambo ya Mkata. Sehemu ya Halo 3 iitwayo Tsavo Highway ni msafara wa magari ya kivita unaosukumana kuelekea Voi, na kama gemu inasisimua. Katuni ndiyo iliyokuwa na nafasi ya kumweka dereva mmoja wa lori kando ya barabara ile, na nafasi hiyo haikutumika.

Picha zilizoifanya kazi hiyo hazikuuzwa dukani. Zimo ndani ya ODST yenyewe, na mchezaji mwenye haraka anaweza kuimaliza gemu bila kuziona zote. Ni hadithi ya Sadie Endesha, msichana wa New Mombasa, iliyogawanywa katika rekodi 30 za sauti: 29 zimetawanywa mitaani na moja iko chini ya ardhi. Hadithi iliandikwa na Fourth Wall Studios, na kila rekodi inaambatana na picha za Ashley Wood, mchoraji wa Australia.

Wood hakuwa mgeni wa kazi hii. Kuanzia mwaka 2004 alichora katuni ya gemu ya Metal Gear Solid kwa kampuni ya IDW, na mwaka 2006 kazi hiyo ikageuzwa kuwa toleo la kutazamwa kwenye PSP, picha zikisogea kidogo na sauti zikiongezwa. Mtindo wake ni wa rangi zilizofifia na mistari isiyomalizika. Mkono wa mhusika unaweza kuwa mkwaruzo mmoja tu, na jengo nyuma yake likawa doa la kahawia. Kwa gemu ambayo kila risasi ina mng'ao wake, huko ni kwenda kinyume kabisa, na ndiko kunakoifanya ifaulu. Sauti ya mwigizaji imeshakupa hofu ya Sadie, na mlipuko umeshausikia. Mchoraji angechora yote hayo tena kwa ukamilifu, angekuwa anarudia. Anakuachia umbo na mkao wa mwili, nawe unamalizia. Kwa kuwa hakuna viputo vya maneno, picha haikatwi vipande. Jicho linakaa juu ya mtu wakati sikio linasikiliza.

Wahusika wanaozunguka Sadie wamejengwa kwa njia ambayo msomaji wa Kiswahili ataitambua mara moja. Hadithi imefuata duara tisa za jehanamu katika Inferno ya Dante, na watu anaokutana nao wamebeba maovu ya duara hizo. Yupo Jonas, muuza nyama mwenye mwili mkubwa kupita kiasi. Yupo Kinsler, kamishna wa polisi ambaye jiji linaungua na yeye anawaza kutumia cheo chake kwa manufaa yake. Sisi tuliolelewa na jarida la Sani tunaijua sanaa hii. Wahusika wake Ndumilakuwili na Lodi Lofa walikuwa tabia moja moja iliyovishwa mwili na nguo, ili ukifungua ukurasa umjue mtu kabla hajafungua mdomo. Wood anafanya hivyohivyo kwa Jonas: umbo lake ndilo hoja. Tofauti ni kwamba Sani ilikuwa na toleo baada ya toleo la kumzoesha msomaji, wakati hadithi ya Sadie ina dakika chache kwa kila mmoja, kwa hiyo umbo linalazimika kusema kwa nguvu zaidi.

Mhusika aliyenishangaza zaidi si mtu. Ni Superintendent, akili mnemba inayoendesha jiji, yenye sehemu ndani yake iitwayo Vergil ambayo Dk. Daniel Endesha, baba yake Sadie, aliitengeneza imlinde binti yake. Uso wake ni mduara wenye macho na mdomo kwenye skrini za mitaani, mchoro ambao mtoto wa darasa la pili angeweza kuunakili. Nao hauna maneno yake mwenyewe. Unatumia matangazo ya huduma za jiji tu: foleni mbele, tunza usafi, heshimu mali ya umma. Tangu treni ya umeme ianze kupita Kilosa mwaka 2024, abiria wa hapa amezoea sauti ya namna hiyo, iliyorekodiwa mara moja na kurudiwa kwa kila mtu kwa upole uleule. Sasa fikiria sauti hiyo ikijaribu kumwambia msichana mmoja akimbie. Tangazo la foleni linageuka onyo, na taa inayowaka mahali fulani inageuka mkono ulionyooshwa kuonyesha njia. Ule mduara unabadilika kutoka tabasamu hadi huzuni, basi. Hiyo ndiyo katuni safi kabisa iliyomo katika Halo nzima, kwa sababu imebana zana zake hadi mbili, uso sahili na sentensi za watu wengine, na bado unaamini kwamba kitu hicho kinampenda Sadie.

Kuna kasoro ambayo siifichi. Mandhari ya Wood ni hafifu mno kuweza kuitwa Mombasa. Ukiziondoa sauti na majina, mitaa ile ingeweza kuwa ya mji wowote unaoungua. Mtindo wake ulimpa watu, ukamnyima mahali. Mchoraji aliyekulia pwani, au hata huku kwetu bara, asingekubali kuacha ukuta, mlango na nguo za watu vibaki madoa.

Hata hivyo, kuhusu watu, picha hizi zilifika mahali ambapo Helljumper na Uprising hazikufika: zilibadilisha gemu yenyewe. Ukizikusanya rekodi zote 29 za mitaani kabla ya kushuka chini ya ardhi, polisi unayeandamana naye huko chini anajulikana ni nani hasa: mtu wa Kinsler, aliyetumwa kufuta ushahidi. Anakugeuzia silaha. Usipozikusanya, huyo ni askari mwenzako tu, naye unamwamini.