Magari Tisa Yaliyoungua, na Inchi Zilizoyarudisha

Bomba la chuma la inchi moja lina kipenyo cha milimita 25.4. Ukienda dukani leo kulitafuta, aghalabu utapewa la milimita 25, na muuzaji atakuambia ni lile lile. Kwa mchomea mageti ni lile lile kweli. Kwa mtu anayeunda upya fremu ya mbele ya Jaguar XKSS ya mwaka 1957, ile tofauti ya milimita 0.4 ni balaa. Mabano hayakai, matundu ya boliti hayakutani, na kosa la bomba la kwanza linabebeshwa la pili, hadi siku injini inaposhushwa mahali pake ikakataa kuingia.

Ndiyo maana Jaguar, ilipotangaza mwaka 2016 kwamba itaunda XKSS tisa upya, ilikwenda kwa Reynolds, watengenezaji wa mabomba wa Uingereza, ikaagiza mabomba yaliyopimwa kwa inchi na si kwa milimita. Naanza na jambo hili kwa sababu ndani yake mna swali ambalo kila anayenakili gari la zamani hukutana nalo, alijue asilijue: unanakili nini hasa? Umbo lililopo mbele ya macho yako, au kazi iliyolizaa umbo hilo? Waliounda XKSS upya walichagua kazi. Ninavyoona mimi, hapo ndipo walipofaulu, na mahali pachache walipoteleza ni pale walipousahau uchaguzi huo.

Kwanza gari lenyewe. XKSS haikuzaliwa kwa ajili ya barabara. Ilikuwa D-Type, gari la mashindano lililoshinda saa 24 za Le Mans miaka mitatu mfululizo, 1955, 1956 na 1957. Jaguar yenyewe ilijitoa mashindanoni mwishoni mwa 1956, na ushindi wa mwaka uliofuata uliletwa na timu binafsi ya Uskoti, Ecurie Ecosse. Kiwandani Browns Lane, Coventry, yakawa yamebaki magari ya mashindano yasiyo na wanunuzi. William Lyons, mwenye kampuni, akaamuru yageuzwe yafae kuendeshwa mjini. Nundu iliyokuwa nyuma ya kichwa cha dereva ikakatwa. Kizuizi kati ya viti viwili kikaondolewa. Ukafunguliwa mlango wa abiria, kikawekwa kioo cha mbele cha upana mzima, vioo vya pembeni, turubai la kukunja na bampa nyembamba za kung'aa. Yalipangwa magari 25. Tarehe 12 Februari 1957 moto ukashika kiwandani na tisa yakateketea. Yakabaki 16.

Hapo ndipo ugumu wa kunakili unapoanza, maana XKSS ni gari lililorekebishwa kutoka gari jingine, kwa haraka, na mafundi waliokuwa wakiamua mambo papo hapo mezani pao. Na zile fremu za mbao ambazo bodi za awali ziligongewa juu yake hazipo tena. Basi ukitaka kujua bonde la ubavu lina kina gani, utauliza wapi? Utauliza magari yenyewe. Jaguar iliskani XKSS kadhaa za mwaka 1957, ikajenga umbo kamili kwenye kompyuta, kisha kutokana na umbo hilo ikaunda fremu mpya ya kugongea bodi.

Tazama walichofanya baada ya hapo. Kwa vipimo vile wangeweza kuchonga kalibu za chuma na kukandamiza bati kwa mashine, bodi zikatoka zote sawa kama sahani. Hawakufanya hivyo. Bodi zilikunjwa kwa mkono, kwa mashine ile ya kale ya magurudumu mawili ya chuma, la juu bapa na la chini lenye mbinuko. Fundi hupitisha bati katikati yake, mbele na nyuma, mara mia, na kila linapopita hutanuka nukta moja na kupinda nukta moja. Bati lenyewe ni aloi ya magnesiamu. Kwa ujazo ule ule, aluminiamu ni nzito kuliko magnesiamu mara moja na nusu, na chuma mara nne na nusu. Lakini wepesi huo una gharama yake, kwani magnesiamu haipendi kupindwa ikiwa baridi, ukiilazimisha inapasuka. Inataka joto, na inataka mtu anayejua kusubiri.

Niliwahi kusimama karibu na fundi wa bodi Dar es Salaam akinyoosha ubawa wa gari lililogongwa. Aligonga kwa nyundo ndogo, huku kipande cha chuma kimekinga upande wa pili, kisha akafumba macho na kupitisha kiganja polepole juu ya bati, kutoka taa hadi mlangoni. Kwa macho mimi niliona pamenyooka. Yeye akasimamisha kidole mahali pamoja, akasema, "Hapa bado pana tumbo." Aligonga mara tatu. Alipopiga rangi siku iliyofuata nikaelewa, maana rangi ya kung'aa haisitiri chochote. Skana inaweza kukuambia tumbo liko wapi. Haiwezi kuliondoa.

Hapa inafaa kutaja kazi nyingine ya Jaguar iliyotangulia hii, kwa kuwa inaonyesha uchaguzi wa kinyume. Mwaka 1963 kampuni ilipanga E-Type nyepesi 18 za mashindano, ikaishia kuunda 12. Mwaka 2014 ilitangaza kuzikamilisha sita zilizobaki. Katika kazi hiyo upande mmoja wa gari la asili ndio uliochukuliwa, ukageuzwa kwenye kompyuta ili kuupata upande wa pili, hivyo kushoto na kulia vikalingana kabisa. Ni kazi safi sana. Lakini gari la mwaka 1963 lililotoka mikononi mwa watu halikulingana hivyo. Nakala ikawa bora kuliko asili yake, na kwangu mimi hilo ni kosa la kifundi. Anayenakili hati ya kale hasahihishi tahajia ya aliyeiandika.

Turudi kwenye fremu. D-Type, na kwa hiyo XKSS, haina chesisi ndefu ya kupita chini kama ya lori. Sehemu ya katikati, wanapokaa watu, ni ganda la bati lililokunjwa na kupigwa ribiti, nalo hujibebea uzito lenyewe. Fikra hiyo ilitoka kwenye ndege, na si ajabu: Malcolm Sayer, aliyelichora umbo lake, alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha ndege cha Bristol. Mbele ya ganda hilo hufungwa fremu ya mabomba, nayo ndiyo inayoshika injini na miguu ya mbele. Ribiti za ganda hilo ni nyingi kwa idadi na ndogo kwa umbo, na kila moja inaonekana. Moja ikienda upande nje ya mstari, mtu atakayelipia gari hilo zaidi ya pauni milioni 1 ataiona kabla hajafungua mlango.

Mabomba yale ni ya aina iitwayo Reynolds 531, chuma chenye manganizi na molibdenamu, kilichoingia sokoni mwaka 1935. Waendesha baiskeli za mashindano wanalijua jina hilo, maana kwa miongo mingi fremu nzuri ya baiskeli ilibandikwa karatasi yake. Ubora wake ni kwamba bomba linaweza kuwa jembamba na bado likawa na nguvu. Udhaifu wake ni moto. Ukilichomelea kwa kuyeyusha chuma chenyewe, kwenye nyuzi 1,500 hivi, sehemu iliyo kando ya kiungo inapoteza nguvu zake, na siku moja litakatikia hapo hapo, sentimita moja kutoka kwenye kiungo kilichoonekana imara. Kwa hiyo mwaka 1957 walikuwa wakiunga kwa shaba. Kijiti cha shaba huyeyuka kwenye nyuzi 900 hivi, kikatiririka na kuyakumbatia mabomba mawili ambayo yenyewe hayakuyeyuka. Mafundi wa 2016 walifanya vivyo hivyo. Leo kuna mitambo ya kuchomelea inayoweza kudhibiti joto kwa ustadi mkubwa, na ingerahisisha kazi. Lakini kiungo cha shaba kina sura yake, mkunjo laini wa rangi ya dhahabu iliyofifia kwenye kila pembe, na kina namna yake ya kunyumbuka gari linapokata kona. Ukikibadilisha, umebadilisha gari.

Injini ilikuwa na mtego mwingine. Jaguar iliendelea kutengeneza injini ya familia hii, XK, kuanzia 1949 hadi 1992, kwa hiyo vyuma vyake si adimu. Mtu anayejenga nakala yake nyumbani hununua gari la kifahari lililochoka la miaka ya 1970, akatoa injini na ekseli, akavika bodi ya faiba. Waundaji wa Lynx, Uingereza, walikwenda mbali zaidi. Tangu miaka ya 1970 walijenga nakala za D-Type zinazoheshimika hadi leo, kwa kutumia injini na mitambo ya E-Type. Sidharau njia hizo, kwani zimewapa wengi raha ya kuliona gari ambalo wasingelikaribia kamwe. Ila injini ya D-Type si ile ya gari la kifahari. Oili yake haikai kwenye bakuli chini ya injini. Inavutwa na kuhifadhiwa kwenye tangi la pembeni. Bakuli likiondoka, injini inaweza kushushwa chini zaidi. Juu ya hayo imelazwa upande kwa nyuzi 8.5, na ndiyo maana boneti ikawa fupi kimo namna ile. Weka injini ya kawaida, na boneti itakuumbua.

Jaguar ilisubu upya bloku za chuma na vichwa vya silinda, vya lita 3.4, nguvu farasi 262. Kabureta ni tatu, Weber DCO3, kila moja ina midomo miwili, kwa hiyo kila silinda kati ya sita ina mdomo wake. Kuzipatanisha zote sita zivute hewa sawa ni kazi ya sikio na subira, na anayezifungua akiwa na haraka atarudi hapo hapo kesho. Breki ni za diski kwenye magurudumu yote manne, muundo wa Dunlop wenye pampu ya Plessey, na rimu ni za magnesiamu, vipande viwili vilivyopigwa ribiti. Saa za dashibodi ni za Smiths, zimeundwa upya. Mbao za usukani na chembe za ngozi ya viti zilifuatwa vivyo hivyo.

Gari moja lilichukua saa 10,000 za kazi. Mtu mmoja akifanya saa nane kwa siku, siku 250 kwa mwaka, atamaliza gari lake moja baada ya miaka mitano.

La kwanza lilionyeshwa Novemba 2016 katika jumba la makumbusho la Petersen, Los Angeles. Walijua wanachofanya walipochagua hapo: makumbusho hayo ndiyo yanayotunza XKSS 713 iliyokuwa ya mwigizaji Steve McQueen. Asili na nakala mji mmoja, mwenye macho apime.

Magari mapya yalipewa namba za chesisi za mfululizo wa XKSS, kana kwamba yanazijaza nafasi za yale tisa. Hapa ndipo sikubaliani nao. Gari lililoungua liliungua, na historia yake ni pamoja na moto wake. Namba hizo zinawatia watu kishawishi cha kuyaita haya magari ya 1957 yaliyochelewa kukamilika. Mimi nayaita nakala, na neno hilo silisemi kwa kudharau. Nakala iliyofanywa hivi ina heshima ya kutosha kusimama kwa jina lake.

Kuna jambo moja walilobadilisha makusudi, nalo ni tangi la petroli. Wapo wanaolilaumu. Nadhani wanalisoma vibaya. D-Type ilibeba petroli mkiani, ndani ya mifuko ya mpira iliyotokana na ufundi wa ndege, kwa sababu mfuko hunyumbuka gari likigongwa pale ambapo tangi la bati hupasuka. Kwa wakati wake hiyo ilikuwa ndiyo kinga bora zaidi aliyoweza kupewa dereva. Mafundi wa 2016 wakaweka tangi la usalama la kisasa mahali pale pale, kwa sababu ile ile. Na kwa kuwa petroli na gurudumu la akiba bado vinaujaza mkia wote, gari jipya nalo halina buti. Mizigo inafungwa juu, kwenye kichanja cha chuma mgongoni mwa gari, kama ilivyokuwa 1957.