Jani Liko Wapi? Kusoma Rangi katika Picha ya Vita

Kwa miaka mingi nilifundisha uhakiki kwa jedwali: nyekundu ni damu, nyeusi ni msiba, nyeupe ni usafi, kijani ni uhai. Jedwali hilo ni rahisi kusahihisha. Siku moja likanivunjikia mikononi mbele ya darasa.

Nilikuwa nimewaonyesha wanafunzi picha ya mchoraji Mwingereza Paul Nash, ya mwaka 1918, iliyohifadhiwa katika Imperial War Museum, London. Nash alikuwa mwanajeshi karibu na Ypres, Ubelgiji, mwaka 1917, kisha akarudi huko kama mchoraji rasmi wa vita. Ni vita hivyohivyo vilivyowazoa babu zetu kuwabebea Waingereza mizigo, vikatuachia majina ya Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam. Katika picha hakuna mtu. Kuna miti iliyobaki visiki, ardhi iliyofumuka matutamatuta, ukuta wa mawingu mekundu yanayoelekea kahawia, na juu yake jua jeupe linachomoza. Ardhi yenyewe ina ukijani.

Nikawaambia kijani kile ni matumaini. Kijana mmoja kutoka Bumala, huku kwetu Busia, akainua mkono: "Prof, sasa jani lenyewe liko wapi?"

Halipo. Hata moja! Na swali lake lilikuwa la lugha kabla ya kuwa la sanaa. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyokubaliana na nomino: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine nyingi tumezipa majina ya vitu: kijani kutoka kwa jani, kijivu kutoka kwa jivu, kahawia kutoka kwa kahawa, zambarau kutoka kwa tunda. Nash ameipaka ardhi rangi ya jani mahali ambapo kila jani limeuawa. Msomaji wa Kiswahili anakiona kinaya hicho ndani ya neno lenyewe.

Kijana yule aliyaona matuta kuwa makaburi. Bumala kaburi jipya ni udongo mtupu. Likishaota majani, ujue waombolezaji walitawanyika zamani. Sijapata tafsiri bora kuliko hiyo.

Wekundu wa mawingu nao sitaki kuuita damu tu, ingawa damu imo. Una rangi ya udongo, kana kwamba ardhi iliyorushwa na makombora bado haijarudi chini. Jua je? Jedwali lingesema usafi. Lakini sisi husema kweupe, yaani kumekucha na hakuna pa kujificha. Jua hili halimwoshi yeyote, linaanika tu kilichofanywa usiku.

Jina la picha ningelitafsiri "Tunaunda Ulimwengu Mpya". Wenzangu kadhaa wanapendelea "tunaumba", nami nawapinga. Kuumba tumemwachia Mungu. Kuunda ni kazi ya mikono. Huundwa jahazi, huundwa na mzinga. Halafu kuna hiyo "tu-" ya mwanzo, ambayo Nash hakuitenga na mtazamaji, wala mimi sioni namna ya kuitenga.

Muhula huu nimeliondoa jedwali kwenye mihadhara. Wanafunzi wananung'unika kwamba mtihani utakuwa mgumu.