Kiti cha Nani?

Katika majumba ya makabaila wa Uingereza, samani nyingi za karne ya 18 zimepewa jina la Thomas Chippendale. Twaona inafaa madai hayo yapimwe. Mwaka 1754 Chippendale alichapisha kitabu cha michoro yake, na seremala yeyote aliyekipata aliweza kuiiga. Tena maseremala wa Uingereza kwa kawaida hawakutia mihuri, ilhali wenzao wa Paris walilazimishwa na chama chao. Basi mtindo peke yake si ushahidi.

Ushahidi ni hati. Katika jumba la Nostell Priory, Yorkshire, samani zake zathibitishwa na barua na ankara. Lakini George Hepplewhite, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1788 baada ya kufa kwake, amevuma ulimwenguni bila kiti hata kimoja kuthibitishwa kuwa alikitengeneza yeye.

Kwetu sisi walimu, tatizo limo katika a-unganifu. ‘Kiti cha Chippendale’ ni alichokichora, alichokiuza, au kilichoigwa kwake? Sarufi haichagui; mhakiki sharti achague. Asipochagua, huwadhulumu mafundi wasiotajwa, ambao mikono yao ndiyo iliyochonga.